Msaada: biodizeli ya mafuta yaliyokaangia chipsi kwenye injini ya mashine ya kusaga

Msagaji_Moro:
Wakuu, heshima kwenu. Nina mashine ya kusaga inayozungushwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Bei ya dizeli ikipanda tu, faida yote inaishia sheli, na nchi yetu inaagiza mafuta yote ya magari na mitambo kutoka nje. Wauza chipsi wako tayari kuniuzia mafuta waliyokwisha kukaangia, lita 50 hivi kwa wiki. Nataka kuyageuza biodizeli, yaani mafuta ya injini ya dizeli yanayotengenezwa kwa mafuta ya kula. Methanoli (pombe ya viwandani yenye sumu) na kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) niweke kiasi gani? Injini itapona? Na je, nipande mibono (jatropha, mti wenye mbegu za mafuta) ekari tatu ili nisitegemee mafuta ya watu? Naomba kuwasilisha.

Fundi_Kemia:
Mkuu, usinakili kipimo cha mtu mwingine. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi yana asidi nyingi, na asidi hiyo inakula kostiki kabla kazi haijaanza. Pima kila mzigo unaopokea.

Yeyusha gramu 1 ya kostiki kwenye lita 1 ya maji ya betri (siyo maji makali). Kwenye glasi changanya mililita 10 za spiriti ya aisopropili na mililita 1 ya mafuta, uvutwe kwa bomba la sindano. Ongeza matone mawili ya fenofthalini (dawa ya kupimia inayogeuka waridi kostiki ikizidi asidi). Ukiikosa, manjano ya unga yaliyolowekwa kwenye spiriti yanafaa. Sasa dondoshea yale maji ya kostiki taratibu huku unatikisa, mpaka rangi ya waridi ikae sekunde 15 bila kupotea. Ukitumia manjano, yatageuka mekundu.

Mililita ulizotumia jumlisha na 3.5: hizo ndizo gramu za kostiki kwa kila lita ya mafuta. Ukitumia mililita 3, ni gramu 6.5 kwa lita, yaani gramu 325 kwa lita 50. Methanoli ni asilimia 20 ya ujazo, kwa hiyo lita 10. Kipimo kikizidi mililita 5, rudisha mzigo. Utaishia na pipa la sabuni.

Halafu piga hesabu ya methanoli kabla ya kununua chochote. Nayo inaagizwa nje, na ni gharama kubwa.

Mama_Sabuni:
Naongezea kuhusu maji, maana ndiyo yanayoharibu kazi ya wengi. Dondosha tone la mafuta kwenye kikaango cha moto: likitatarika, lina maji. Pasha mzigo mpaka nyuzi 110 na uendelee hadi mafuta yaache kutatarika, kisha uache upoe hadi 55. Zima moto kabisa kabla methanoli haijafunguliwa. Inachemka kwenye nyuzi 64.7 na mvuke wake unashika moto. Kuinywa au kuivuta kunapofusha na kuua. Fanyia kazi nje, vaa glovu na miwani.

Kostiki iyeyushwe kwenye methanoli ndani ya dumu gumu la plastiki lenye kifuniko. Usitumie sufuria ya alumini: kostiki inaitafuna na kutoa haidrojeni. Tumia chuma cha pua au pipa la chuma la kawaida. Mimina mchanganyiko huo kwenye mafuta yaliyopoa hadi 55, koroga saa moja, acha usiku kucha, asubuhi fungulia gliserini nyeusi iliyotuama chini.

Msagaji_Moro:
Asanteni sana. Nikianza kuiosha kwa maji, nitajuaje kama imeiva?

Fundi_Kemia:
Jua kabla ya kuosha. Mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, tikisa, subiri dakika kumi. Ikiyeyuka yote, imeiva. Tone la mafuta likitulia chini, rudia kwa methanoli na kostiki kidogo. Isiyoiva ukiiosha inageuka uji mweupe kama maziwa, na kuutenganisha ni kazi ya siku. Iliyoiva nyunyizia maji ya vuguvugu bila kutikisa, yamwage, rudia mpaka yatoke masafi, kisha ikaushe mpaka iwe angavu.

Nozeli_Dodoma:
Injini itapona ukianza na asilimia 20 ya biodizeli na 80 ya dizeli. Biodizeli inang'oa uchafu wa zamani kwenye tangi, hivyo nunua filta mbili za akiba. Mpira wa kawaida wa mafuta utavimba na kulainika. Badilisha mipira na oringi ziwe za Viton (mpira maalumu usioharibiwa na biodizeli). Usihifadhi kwenye chombo cha shaba au cha mabati, wala usiirundike kwa miezi, inachacha. Ulaji wa mafuta utapanda kidogo, maana nguvu ya lita moja ya biodizeli tupu iko chini ya ile ya dizeli kwa karibu asilimia 8.

Shamba_Kwanza:
Mibono acha, mkuu. Kampuni kubwa zilizochukua ardhi Kisarawe na Kilwa kwa ajili hiyo zilikuwa zimeanguka kufikia 2011. Mti unavumilia ukame, lakini kuvumilia siyo kuzaa. Bila maji na mbolea mbegu ni chache mno. Mashudu yake yana sumu, mifugo hawali. Mibono panda kama uzio tu, ekari tatu weka alizeti uuze mafuta ya kula, ambayo nayo nchi inaagiza. Yakishakaangia chipsi, ndipo uyanunue.

Mama_Sabuni:
Na ukitaka kumuuzia jirani hata lita moja, pita kwanza EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) na TBS (shirika la viwango). Methanoli nunua kwa msambazaji aliyesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali.