Naombeni ushauri: niwaulizeje wanakikundi ili waniambie wanachofanya, badala ya kunifurahisha?

Mwanzisha uzi
Ndugu zangu, salaam. Ninashiriki kuandaa programu ya simu ya kutunza kumbukumbu za VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na kazi yangu ni kuwahoji wanachama kabla haijaanza kutengenezwa. Nikiuliza, "Je, ungependa programu itakayokukumbusha siku ya marejesho?", kila mmoja hujibu kwamba angependa sana, nikiuliza kama daftari linawasumbua, huniambia halina shida, ingawa siku ya mkutano ninamwona mweka hazina akirudia hesabu za hisa hadi jioni. Niulizeje ili nipate ukweli bila kuwavunjia heshima?

Binti Pangani
Swali lako limebeba jibu lake, na mtu mzima aliyekukaribisha na kukupa kiti hatakuambia usoni kwamba kitu chako hakihitaji. Acha kuuliza angependa nini. Uliza kilichotokea mara ya mwisho. "Mkopo wa mwisho kuchelewa, mlijuaje kwamba umechelewa? Nani alikwenda kumwona mkopaji? Mkaafikiana nini?" Mwanasaikolojia wa Marekani John Flanagan, aliyewahi kufanya utafiti kuhusu marubani wa kijeshi, aliieleza njia hii mwaka 1954: msimuliaji hutakiwa kueleza tukio mahususi, si maoni ya jumla. Huenda ukagundua kwamba siku ya marejesho hakuna anayeisahau, ila fedha ndizo hazipo, na hapo kikumbusho chako hakitamsaidia mtu.

Mweka Hazina Mstaafu
Mwanangu, omba uonyeshwe daftari. Mwambie mweka hazina akueleze ukurasa mmoja, mstari kwa mstari, nawe ukiona palipofutwa uliza, "Hapa ilikuwaje?" Usiseme, "Kwa nini mlifuta?", maana hilo ni swali la mkaguzi, na mtu ataanza kujitetea. Zungumza naye pasipo mwenyekiti, kwa sababu mbele ya mwenyekiti hesabu zote huwa sawa. Uliza pia kwa nini sanduku la fedha lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Majibu yatakufundisha jinsi wanavyoaminiana, jambo ambalo programu inayoshikwa na mtu mmoja inaweza kulivuruga.

Msomaji wa Usiku
Ninaongeza moja tu: baada ya jibu, nyamaza kidogo, kisha uliza, "Na baada ya hapo?" Majaribio ya M-Pesa yaliyoanza Kenya mwaka 2005 yalilenga marejesho ya mikopo midogo ya wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, lakini washiriki walionekana wakitumiana fedha wao kwa wao. Mhojaji aliyeuliza juu ya marejesho peke yake asingelisikia hilo.

Mwanzisha uzi
Nawashukuru sana. Bado nina wasiwasi: kumwomba mtu asimulie mkopo uliochelewa si kumwanika jirani yake?

Binti Pangani
Ni kweli, na ndiyo maana unatangulia kusema, "Nisimulie bila kutaja jina." Jina likiponyoka, usiliandike. Kama msimulizi mwenyewe ndiye aliyechelewa, utalijua hilo kwa jinsi anavyokwepa maelezo. Basi mhamishie kwenye mkopo uliolipwa vizuri, umuulize fedha za rejesho la mwisho zilitoka wapi.

Mwanzisha uzi
Nimeelewa. Swali la kikumbusho nimelifuta. Jumamosi nitaanza na daftari.