Tupeane uzoefu: umewahi kuchezea au kushabikia kombaini?

MshikaTrei
Wadau, salaam. Jambo hili limenikaa moyoni tangu Julai 2025. Nahudumu kwenye hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Tuna wateja wawili wazee, mmoja wa Ireland, mmoja Mwingereza. Raga ya Mataifa Sita, ambako kila nchi hujichezea yenyewe, ikianza hawakai meza moja, na ukichanganya bili zao ni balaa. Sasa Jumamosi ya tarehe 26, saa saba mchana, wakaingia pamoja na jezi nyekundu sare, eti leo ni British and Irish Lions. Kombaini hiyo: wachezaji wa England, Ireland, Scotland na Wales wanakusanywa timu moja kila miaka 4 kwenda kuzuru Australia, New Zealand au Afrika Kusini, kwa zamu.

Melbourne watu 90,307 uwanjani. Australia wakawa mbele 23-5. Bia za wazee zikapata moto mezani, hakuna anayenywa. Halafu wakaanza kurudi, pole pole, mpaka dakika ya 79 Hugo Keenan akatua trai, yaani mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, Lions 29-26. Keenan ni wa Ireland. Lakini aliyelia kwenye kiti ni yule Mwingereza! Nikabaki najiuliza, kombaini ni timu ya nani hasa? Lete kisa chako. Raga, kandanda, hata ngalawa.

KipaMstaafu
Mimi nilichaguliwa kombaini ya zoni nikiwa darasa la saba. Nusu ya timu ilitoka shule tuliyokuwa hatuamkiani nayo. Jezi zilikuwa seti moja tu, zao, na jina la shule yao kifuani. Nikazivaa, ningefanyaje. Goli la kwanza halikuwa na lawama. La pili, mpira ulidunda katikati yangu na beki wao. Mimi nikamwachia yeye, yeye akaniachia mimi. Hatukuwa na lugha moja ya kuitana. Nimerudi nyumbani na ile jezi, mama akaniuliza nimehama shule lini na kwa ruhusa ya nani. Nilipigwa, jamani. Lakini yule beki ndiye aliyesimamia harusi yangu.

MpinzaniWaKudumu
Historia ya hao Lions nzuri, tangu 1888. Ila huko New Zealand Lions wameshinda ziara moja tu, 1971. Mwaka 2017 wakatoka sare, mechi ya mwisho 15-15. Unawaokota watu, unawapa wiki chache za mazoezi, kisha unawapeleka kwa waliokulia pamoja. Kombaini ni ndoa ya mkeka.

Bandarini
@MpinzaniWaKudumu mbona umeiruka 1974? Ziara ya Afrika Kusini, mechi 22, 21 wameshinda, moja sare. Mkeka gani huo?

MpinzaniWaKudumu
Na serikali ya Uingereza haikutaka waende, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Walikwenda hivyo hivyo. Hilo nalo liandike.

MjukuuWaMambrui
Afadhali umelitaja. Marehemu babu alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja Nairobi. Hao Lions walipita mwaka 1955 wakacheza na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, wakashinda 39-12. Walirudi 1962, safari hiyo 50-0. Babu alipelekwa kubeba vikapu vya chakula. Alikuwa akitusimulia huku anabangua korosho: "Afrika Mashariki nimeitafuta uwanjani, sikuiona. Ilikuwa na mimi huku kwenye vikapu." Kwa hiyo swali lako la timu ya nani, kwetu ni la zamani. Leo timu yetu ya raga ya wachezaji 15 inaitwa Simbas, na ukiitazama unaona vijana wetu. Mzee hakuwahi kuiona.

BintiAmu
Mie wa Lamu, raga siijui. Kombaini ya huku ni ya mashua. Mwaka mmoja mjomba alikosa mabaharia wa mashindano, akachukua wawili Shela na wawili Matondoni. Astaghfirullah! Walibishana nani ashike usukani mpaka wenzao wakageuka boya. Upepo ulipokaza ndipo midomo ikafunga. Huyu kashika demani, kamba ya tanga, huyu anakumba maji, wengine wamening'inia ubavuni mashua isipinduke. Wakamaliza wa nne. Shela wanasema walicheleweshwa na Matondoni, Matondoni wanasema kinyume. Mjomba mpaka leo akiulizwa husema alikwenda na mashua peke yake.

Pitseria
Bosi wangu Muitaliano hataki kuwasikia hao Lions. Italia imo Mataifa Sita tangu 2000, na kwenye hiyo kombaini haimo. Nikamwambia Ufaransa pia haimo, hii ni ya visiwa vyao. Akasema basi nizime televisheni nikakande unga. Nikazima. Nilimalizia mechi kwenye simu, nyuma ya tanuri.

Bandarini
Yeye ana miaka 4 tu ya kununa. Australia wakishawapokea, mpaka wawaone tena ni miaka 12. Mtoto wa chekechea anakuwa na ndevu.

MshikaTrei
Ahsanteni, nimecheka mpaka mteja kauliza kuna nini. Wiki iliyofuata Sydney, radi ilisimamisha mchezo na Australia wakashinda 22-12, ingawa Lions walikuwa wameshaichukua ziara. Wazee walikaa pamoja hadi magharibi. Mataifa Sita yalipokaribia, wa Ireland akaniita pembeni: nimtengee meza yake ya zamani, ile ya chini ya mkwaju, na bili ziwe mbalimbali.