Mnaomfanya Demeter mama mkorofi, hadithi yenyewe mmeisoma?

Wakuu, hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalitoa. Kila nikiingia mtandaoni nakutana na michoro ya Hades, mungu wa kuzimu, na Persephone wamekumbatiana, eti ndiyo mapenzi matamu kuliko yote katika hadithi za Wagiriki. Na adui ni nani? Demeter, mungu wa kike wa mazao, mama yake Persephone! Eti alimfungia binti ndani, Hades akaja kumkomboa. Riwaya, katuni, video fupi, zote ni hayo hayo.

Huo ni uzushi! Utenzi wa kale wa kumsifu Demeter, wa karne ya 7 au ya 6 hivi kabla ya Kristo, hauna hata chembe ya hayo. Persephone alikuwa anachuma maua na wenzake. Ardhi ikapasuka, Hades akatokea na gari lake la farasi, akamnyakua. Binti alipiga kelele akimwita baba yake, Zeus, mfalme wa miungu, na kumbe baba huyo ndiye aliyekwisha kumwoza kwa Hades. Mama hakuulizwa. Binti hakuulizwa. Hata ile punje ya komamanga iliyomfunga awe anarudi kuzimu, Persephone mwenyewe anamwambia mama yake kwamba alilishwa kwa nguvu. Mapenzi yako wapi hapo? Mchongaji wa Kiitaliano Bernini alipolichonga tukio hilo, kazi aliyoimaliza 1622, alimwekea Persephone chozi shavuni, na vidole vya Hades vimezama kwenye paja lake. Sanamu iko Roma, itazameni.

Demeter alizunguka siku 9 na mienge mikononi, hali wala haogi. Helios, mungu wa jua, alipomfichulia kwamba Zeus anahusika, aliwahama miungu wenzake, akaenda Eleusis, mji ulio karibu na Athens, kwa sura ya bibi kizee. Baadaye akazuia mbegu zisiote. Njaa ikataka kummaliza binadamu, miungu nayo ikaanza kukosa sadaka. Zeus akatuma mjumbe, akatuma miungu wote na zawadi zao, mama akagoma mpaka amwone mwanawe kwa macho yake. Zeus ikabidi aagize binti arudishwe. Aliyemlazimisha Zeus kurudi nyuma bila kushika upanga, leo mnamwita king'ang'anizi!

Wenyeji wa Eleusis hawakumwona hivyo. Ibada zake pale zilidumu zaidi ya miaka 1,000, na watumwa walipokewa sawa na waungwana. Hata Ukristo ulipokwisha kuenea, wanakijiji waliendelea kuienzi sanamu moja ya marumaru wakiamini ndiyo inayolinda mazao yao. Mwaka 1801 Mwingereza Edward Daniel Clarke akaibeba huku wenyewe wanapinga, na iko Cambridge hadi leo. Wataalamu walikuja kusema si Demeter, ni sanamu ya mwanamke iliyotumika kama nguzo kwenye lango la hekalu lake. Sawa, lakini wakulima wale walijua wanamheshimu nani.

Mnaotaka kuandika mapenzi, tungeni wahusika wenu. Mkishindwa, basi semeni wazi kwamba toleo hilo mmelitunga nyinyi, na muache kumtupia mama lawama za Zeus na Hades. Vijana wengi wanaanza kumjua Demeter kwenye kurasa zenu, na wengi wanaishia hapo hapo.