Nani alishawahi kukimbizwa utotoni msimu wa baridi?

Wakuu, mi nimekulia Minneapolis, Marekani, tulikuwa tunaviringisha bonge la theluji tunaziba njia ya gari ya jirani, siku hiyo akatoka mbio na sisi huyooo, moyo unadunda mpaka masikioni, ile raha sijaipata tena. Nyie je?

— Theluji ya kushikana ni ile ya karibu na nyuzi 0, ikifika -15 ni unga mtupu. Toronto tulikuwa tunaisubiri Machi.

— Kwetu Limuru, Kenya, baridi ni Julai, tulikuwa tunadandia trela la majani chai kwenye ukungu, dereva akishuka na fimbo mnatawanyika shambani, suruali chapachapa.

— Mkuu, jirani aliwakamata?

— Wapi! Tulikatiza ziwa lililoganda, akabaki ukingoni anafoka.