Mnatuzungushia nywele hovyohovyo, zikiharibika mnasema tuna nywele ngumu

Wadau, leo nimejaa mpaka hapa, kwa hiyo nikipayuka mnivumilie. Uzi huu ni wa wasusi, na ni wa sisi tunaowachekea.

Naomba mtu anieleze. Msusi anakuosha vizuri, anakukausha, anakupiga pasi fungu kwa fungu mpaka kisogoni, kazi safi ambayo hata yeye mwenyewe anaipiga picha. Ikifika hatua ya mwisho, ya kuzizungusha kichwani na kuzifunga ili zilale, ndipo anakumbuka kwamba ana haraka. Macho yake yameshahamia kwa mteja anayefuata, simu imebanwa begani. Chanuo linavuta huku, linavuta kule, pini zinachomekwa popote, kitambaa kinakazwa mpaka nyusi zinapanda. "Haya mpenzi, usifungue mpaka asubuhi." Asubuhi unafungua, mstari wa pini umekatiza nyuma ya kichwa, upande wa kushoto umelala, wa kulia umesimama, na kisogoni zimeshaanza kujikunja. Ukirudi kulalamika unajibiwa, "Dada yangu, nywele zako ngumu, hazishiki pasi."

Ngumu? Jana ulizipiga pasi zikateleza mpaka ukawaita wenzako waje kushika. Ugumu umeingia usiku?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hiyo hatua mnayoifanya huku mnapiga soga ndiyo inayobeba kazi yote iliyotangulia. Unywele ni protini inayoitwa keratini. Ndani yake kuna vifungo vya haidrojeni, ambavyo vikipata maji au joto vinaachia, na unywele ukikauka au ukipoa vinashikana upya kwa umbo ambalo unywele unalo wakati huohuo. Kwa hiyo ukiupoza umenyooka, unabaki umenyooka. Ukiupoza umekunjwa chini ya pini, mkunjo unabaki. Hapo hakuna bahati wala uchawi. Na kwa kuwa vifungo hivyo vinaachia tena kwa unyevu kidogo tu, jasho la usiku na hewa nzito vinatosha kuzirudisha zilivyokuwa. Dawa ya kulainisha ni habari nyingine, ile inavunja vifungo vya salfa na sehemu iliyopakwa hairudi tena, mpaka nywele mpya zikue kutoka kwenye ngozi. Lakini mtu aliyepigwa pasi tu hana ulinzi mwingine zaidi ya namna alivyozifunga akienda kulala.

Kuzungusha nywele maana yake ni kukifanya kichwa chote kiwe rola moja kubwa. Nywele zinafuata mviringo wa fuvu bila kona, ndiyo maana ukizifungua zinashuka na mzunguko laini, hazikai bapa na hazina kijiti kilichochomoza pembeni. Nimewahi kutengenezwa na mama mmoja mtu mzima ambaye hakuwa na kiti cha kuzunguka wala kioo cha maana, na ningependa wasusi wa siku hizi wamwone alivyokuwa anafanya. Alianzia utosini na fungu dogo, akalilaza kuelekea upande mmoja. Kisha chanuo la meno madogo likatangulia, na kiganja cha mkono wa pili kikafuata nyuma yake hapohapo, kikizibonyeza nywele zilale kabla hazijapata nafasi ya kuinuka. Chanuo, kiganja, chanuo, kiganja. Alipofika usoni alipunguza mwendo kwa sababu nywele za pale ni fupi na hazitaki kuvutwa, zinataka kulazwa. Alizunguka mpaka ncha zikaingia chini ya nywele nyingine, halafu akapitisha kiganja kichwa kizima akitafuta uvimbe. Akiukuta, anafungua kipande hicho na kukirudia. Pini alitumia bapa, zimelala kufuata mkondo wa nywele, na kitambaa kikishakaa alizichomoa karibu zote. Fundo alilifunga pembeni na lilikuwa jepesi. Ukilala hulisikii.

Hakuna mashine hapo. Ni mikono na subira basi.

Sasa tuje kwenye kukaza. Hili nalisema kwa hasira zote nilizonazo. Ukimwambia msusi kitambaa kinauma, anakujibu "vumilia mrembo, uzuri una gharama". Hapana! Kitambaa kinashikilia nywele zilizokwisha kulala, hakizilazi kwa nguvu. Kama ziliinuka ni kwa sababu hukuzizungusha vizuri, na ukikaza unanihamishia mimi uvivu wako kichwani. Nywele za ukingo wa uso na za kwenye mapanja ndizo nyembamba kuliko zote, na ndizo zinazobeba fundo, ukanda wa mpira wa boneti (kofia ya kulalia) na pini. Zikivutwa usiku hadi usiku, mizizi inachoka na upara wa kuvutwa unaanza hapohapo mbele. Dalili za mwanzo zinaonekana: maumivu kwenye mizizi, vipele vidogo, vinywele vifupi vilivyokatika. Ukiacha kuvuta mapema nywele zinaota tena. Ukiendelea miaka, tundu la unywele linageuka kovu na halioteshi tena kitu, upake mafuta gani sijui. Halafu msusi yuleyule ndiye atakayekuuzia mafuta ya kuotesha.

Na ile ya kukufunga nywele mbichi je? Wanaoseti kwa maji na foamu, lile povu la kushikisha nywele, wananielewa. Nywele zikizungushwa zikiwa na maji zinalala tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo draya inakausha za juu kwanza, zilizo karibu na ngozi zinabaki na unyevu muda mrefu. Msusi anagusa juu, anasema tayari, anakutoa kwa sababu kuna foleni. Zile za chini hazikuwahi kukauka zikiwa zimelala, kwa hiyo zinakauka baadaye zikiwa zimefanya zinavyotaka. Nusu saa tangu utoke mlangoni mizizi imevimba. Ukilalamika, wimbo ni uleule wa nywele ngumu.

Watu wanasema, "si urudie pasi tu asubuhi?" Hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Pasi nyingi zinafika hadi nyuzi joto 230 za Selsiasi, na keratini ya unywele mkavu inaharibika vibaya ukishapita nyuzi 200. Nywele zilizofungwa vizuri zinakaa siku kadhaa bila kuona moto. Zilizofungwa hovyo zinachomwa kila asubuhi, palepale penye mkunjo, mpaka ncha zinapasuka na kukatika. Unakuta mtu ana nywele ndefu upande mmoja na upande wa pini zimebaki nusu. Atakwambia hajui zilienda wapi.

Suala la vitambaa nalo lina uhuni wake. Wauzaji wanaandika "hariri" kwenye kitu ambacho hakijawahi kukutana na kiwavi wa hariri. Satini si aina ya uzi, ni namna ya kufuma inayoacha upande mmoja ukiteleza. Inaweza kufumwa kwa hariri, kwa nailoni au kwa poliesta, na nyingi tunazouziwa ni poliesta. Sina ugomvi na poliesta yenyewe, maana kwa kazi ya usiku inateleza vya kutosha na inaishinda pamba kwa mbali. Pamba inanyonya mafuta na unyevu wa nywele, na uso wake unakwaruza kila ukigeuza kichwa. Ugomvi wangu ni kuuziwa poliesta kwa bei ya hariri, tena kwa kiburi. Ukitaka kujua umeuziwa nini, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni ya kitambaa, zishike kwa kibanio juu ya sinki na uziwashe. Hariri inanuka nywele zilizoungua, kwa sababu nayo ni protini, na majivu yake yanasagika ukiyagusa. Poliesta inayeyuka na kubaki kidonge kigumu cheusi. Jaribu kabla hujamsifia mtu mtandaoni.

Na kitambaa cha saluni kinachohama kichwa hadi kichwa tangu asubuhi? Hicho kimenichefua kabisa. Kina mafuta ya watu, jasho la watu, na mapunye yanaambukizwa kwa vitu hivihivi, vitambaa, machanuo na kofia. Nimekuja na changu, nimekitoa kwenye mkoba, bado msusi anavuta kile kilichoning'inia kwenye kiti. Nikimzuia, mimi ndiye "mteja anayejidai".

Hasira yangu haiko kwa wasusi wote, najua mko mnaofanya kazi hii kwa moyo. Iko kwa wale wanaojua kabisa namna ya kuzungusha, ila hawataki kumfundisha mteja, kwa sababu nywele zikikaa wiki mteja harudi mapema. Niliwahi kumwomba mmoja anionyeshe mkono wake unavyokwenda kisogoni, pale ambapo mwenyewe huoni. Akacheka: "Ukijua hayo mimi nitakula nini?" Alikuwa anatania, lakini hakunionyesha.

Kwa mnaojifunga wenyewe nyumbani: badilisheni upande, leo kulia kesho kushoto, ili nywele zisizoee kulala kwa kukandamizwa mwelekeo mmoja. Asubuhi zifungueni kwa vidole kwanza, kwa kuzirudisha zilikotoka, chanuo baadaye. Na mafuta yawe kidogo, kwa sababu yakizidi yanashuka kwenye paji la uso na kukuletea vipele, na nywele zinakaa nzitonzito.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Aliyeniuliza kwa nini nisihamie saluni nyingine, nimeshahama zaidi ya moja, haraka ya mwisho ni ileile. Msusi aliyejibu kwamba kuzungusha hakulipwi, ahsante kwa ukweli wako, huo ndio mjadala niliokuwa nautaka. Weka bei yake, itaje kabla sijakaa, nami nitalipa, ila unizungushie mpaka mwisho bila simu begani.

Na wewe uliyesema "si uvae wigi yaishe": wigi nalo halikai bapa bila nywele za chini kulazwa kwanza, na mimi zangu nazilaza kwa kuzungusha. Sasa nani atanizungushia?