Naomba ushauri: kona ya gemu Kariakoo bado ina maisha?

Wakuu, habari za majukumu. Nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya elektroniki Kariakoo, upande wa Aggrey. Bosi anataka niichukue kona ya gemu kwa mtaji wangu, tugawane kodi ya fremu. Nasita.

Hela ya kona hii iko kwenye CD zilizotumika. Mteja akishachoka na FC 24, ile gemu ya mpira, anaileta, anaongeza kidogo, anaondoka na nyingine. Ile ya zamani anaichukua mwenye kibanda cha gemu Mbagala. Sasa mashine za gemu zenyewe zinaacha CD: PS5 Pro ya 2024 imekuja bila sehemu ya CD, na Xbox Series S iko hivyo tangu 2020. Gemu ukiinunua mtandaoni huwezi kumuuzia mwenzako. Mimi nabaki na nini hapo, pedi za kuchezea na chaja?

Ila kushusha gemu moja kubwa mtandaoni kunakula hata GB 100, na bando zetu mnazijua. Juzi kijana kaja na mashine yake kuomba waifai, kakaa mpaka tunafunga gemu ikiwa imeshuka asilimia 60 tu.

Nawaza kuongeza ufundi: pedi ikiharibika mchezaji kwenye skrini akawa anatembea mwenyewe bila kuguswa, unabadilisha stiki tu. Pia kadi za kujaza salio la akaunti ya kununulia gemu mtandaoni.

Mliomo kwenye biashara hii, ufundi na kadi vinaweza kubeba kodi ya Kariakoo? Kadi mnachukua wapi bila kutapeliwa? Na tafadhali msiniambie niuze simu, Aggrey kila mlango ni simu.