Mrejesho: mzio wa chavua (unga wa maua) kwa wanangu

Habari zenu ndugu. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na wanangu wawili wanaopiga chafya na kuwashwa macho kila msimu wa maua, maana hatutaki kuacha kukimbia pamoja.

Kilichotusaidia zaidi ni dawa ya steroidi (ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani. Kumbe tulikosea kuitumia siku pua inapoziba tu, tukadhani haifai kitu. Daktari alitueleza kuwa inatakiwa kila siku, na huenda ikachukua hadi wiki 2 kufikia nguvu yake kamili. Akamwonyesha binti yangu ainamishe kichwa kidogo, aelekeze mdomo wa chupa upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua. Tangu hapo hajatoka damu puani, na nilifurahi mno.

Siku kavu zenye upepo, chavua inapopeperuka kwa wingi, tunaahirisha mbio. Tukirudi, nguo zinavuliwa mlangoni na kila mtu anaoga mpaka nywele. Shuka hatuzianiki tena nje.

Mdogo bado anakohoa usiku, na wiki ijayo anapimwa pumu. Asanteni sana, hasa mliosisitiza tusikipuuze kikohozi hicho.